Fundo kwenye pazia la jikoni

Kila akirudi kazini jioni, mama huyu alikuta pazia la jikoni limefungwa fundo. Halikusogezwa pembeni, wala halikuning'inizwa kwenye msumari. Lilikuwa limeshikwa kwa chini, likapindwa kama khanga ya mtu anayekwenda shambani, likafungwa fundo kubwa katikati ya dirisha. Kitambaa kilikuwa cheupe chenye maua ya njano, na juu ya maua zilibaki alama za vidole vyenye masizi. Alilifungua, akalinyoosha kwa kiganja, akanyamaza. Kesho yake jioni akalikuta vilevile.

Yeye ni fundi cherehani mjini Biharamulo. Kinachomwingizia hela zaidi si magauni ya harusi wala sare za shule, ni mapazia. Amevalisha madirisha ya walimu, ya wauguzi, ya wenye maduka, na anaweza kusimama mlangoni mwa chumba akakuambia zitahitajika mita ngapi kabla hajatoa futi kamba shingoni. Lakini kwake mwenyewe dirisha la jikoni lilikaa miaka miwili limezibwa na kiroba cha mbolea kilichopigiliwa misumari. Wanaojenga kidogo kidogo wanalijua hili. Sebule hupata vioo kwanza, vyumba hufuata, jikoni husubiri, kwa sababu mgeni haingii jikoni.

Mwezi wa nane mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, alipata mkopo mdogo na dirisha likakamilika: futi 4 kwa futi 4, nondo ndani, vioo vya aluminiamu vya kusukuma, wavu wa mbu kwa nje. Wiki chache baadaye walikwenda harusini Ngara, upande wa Bugufi, kwenye vilima vyenye baridi ambako mume alizaliwa. Wakati wa kurudi mama akapitia Kabanga. Soko lile liko jirani na mpaka wa Burundi, na mwenye jicho la kitambaa hapiti hivi hivi. Akaliona lile la maua ya njano, zito, laini, la kung'aa. Akanunua mita 4. Fundi yeyote wa mapazia atakuambia upana wa kitambaa uwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa dirisha, la sivyo pazia likifungwa linaonekana kama shuka lililoanikwa. Alilishona usiku mmoja, akaliweka pindo la inchi 3 chini, akalishusha mpaka karibu na sakafu kama la sebuleni. Asubuhi majirani wawili walikuja kuliangalia.

Fundo lilianza wiki ile ile.

Aliyelifunga hakuwa wa kutafutwa. Mchana mama yuko kwenye cherehani, baba yuko shuleni, watoto wakubwa wawili wako shuleni pamoja na binti wa kaka yake mama anayesoma sekondari ya kutwa. Anayebaki nyumbani na mtoto wa mwisho wa miaka minne ni bibi, mama mzaa baba, aliyekuja kutoka Bugufi tangu Pasaka baada ya kufiwa na mumewe. Na bibi jikoni ndiko anakoshinda. Ana chumba chake, ana kiti chake sebuleni, lakini ukimtafuta utamkuta jikoni kwenye kigoda, akichambua maharage.

Jioni moja mama aliuliza kwa sauti, akimwangalia mtoto: "Hili pazia linafungwa na nani?"

"Bibi," mtoto akajibu.

Bibi hakuinua macho. Aliokota punje iliyotobolewa na mdudu, akaitupa nje, akaendelea.

Hapo ndipo kitambaa kilipogeuka kuwa neno. Mama alijiambia kwamba mkwe wake halitaki pazia, au hamtaki aliyelishona. Alikumbuka kwamba siku lilipotundikwa bibi alisema kitu kimoja tu, "Hapa sasa hapapumui," na yeye akalichukulia kuwa ni lawama ya mzee aliyezoea nyumba nyingine. Kila Jumamosi alilifua, akalipiga pasi, akalirudisha. Kila Jumatatu likafungwa. Alipomwambia mumewe, mume akasema, "Wewe ni mtu mzima na mama ni mtu mzima, mtaelewana." Sentensi hiyo waume wengi wanaijua kwa moyo, na haijawahi kumsaidia mtu.

Hakuna aliyegombana. Nyumba zenye mkwe na mkwe zinaweza kukaa mwaka mzima hivyo, salamu zipo, chakula kinaliwa, na katikati kuna fundo.

Mwezi wa kumi na moja habari ya msiba ikaja kutoka Ngara. Bibi alipanda basi asubuhi, akasema atakaa mpaka arobaini. Mama, ukweli usemwe, alishusha pumzi. Pazia lilining'inia siku nne bila kuguswa, likiwa limenyooka kama siku aliyolishona.

Siku ya tano mvua ilinyesha kuanzia saa tisa mchana. Mvua za msimu ule pande za Kagera haziji kimya. Zinakuja na upepo na radi, zikipiga ukuta kwa ubavu. Maharage yalikuwa yamepangiwa kupikwa nje kwenye kibanda, lakini maji yalikuwa yanaingia, basi binti akaingiza jiko la mkaa ndani. Mtungi mdogo wa gesi upo, ila wanautumia kwa chai na kupasha chakula. Maharage makavu yanakaa motoni masaa, na nani achome gesi ya mwezi kwa sufuria moja? Maji yalipoanza kurukia ndani akafunga vioo. Radi ilipozidi akashusha pazia lote. Akafunga na mlango wa kuelekea sebuleni, joto lisipotee na harufu isiende kwenye makochi. Watoto wakakaa kuzunguka jiko na madaftari yao. Kulikuwa na joto zuri. Moshi haukuwepo, maana mkaa ulikuwa umeshika wote, mwekundu, na mkaa wa namna hiyo ndio kila mtu anauamini.

Mama alifika saa moja usiku, amelowa. Alikuta binti ameketi sakafuni, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mmoja wa wakubwa alisema anasikia kizunguzungu. Yule wa miaka minne alikuwa ametapika na kulala, na alipoitwa hakuamka sawasawa. Mama alimbeba akatoka naye nje kwenye mvua, kwa sababu tu alitaka kwenda kumwita jirani. Wengine wakamfuata. Barazani, baada ya muda kidogo, binti akasema kichwa kimepungua.

Walimpeleka mtoto hospitali kwa bodaboda, mama nyuma na mwanawe amefungwa mgongoni chini ya koti la mvua. Kila mtu alikuwa na jina moja mdomoni, malaria, na si ajabu, maana Kagera ni miongoni mwa mikoa ambako malaria bado ni mwenyeji. Kipimo cha haraka hakikuonyesha malaria. Tabibu wa zamu akauliza ni wangapi wanaumwa. Wote walioko nyumbani? Walianza pamoja? Walikuwa wapi? Mnapikia nini? Dirisha lilikuwa wazi?

Mtoto aliwekewa oksijeni mpaka asubuhi, akaamka akidai uji. Katika saa zile za kusubiri tabibu alimweleza mama jambo ambalo mzazi yeyote mwenye jiko la mkaa anapaswa kulijua. Mkaa unaowaka bila moshi unatoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho kama moshi wa kuni, kwa hiyo hakuna kitu kinachokuambia utoke. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, usingizi mzito, na ndiyo maana hufananishwa na malaria au mafua. Kinachoitofautisha ni kwamba huwashika watu wengi wa chumba kimoja kwa wakati mmoja, na hupungua wakitoka nje. Watoto wadogo na wajawazito huumia upesi zaidi. Ukishuku, kitu cha kwanza ni kuwatoa watu nje kwenye hewa, kisha hospitali, hata kama wameanza kusema wamepona. Na jiko la mkaa halilali chumbani na watu, hata wakati wa baridi kali, hata kwa dakika chache za kupasha chumba.

Moshi wa kuni nao hauna heri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majikoni vilihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020 duniani, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mpaka mwaka huo ufike, maharage yataendelea kuchemka juu ya mkaa kwenye nyumba nyingi, na dirisha ndilo litakalobeba kazi.

Usiku wa pili mume na mke walikaa jikoni wakiangalia dirisha lao. Mume ndiye aliyeanza kuzungumza, na safari hii alisema kitu. Alisema jikoni alikokulia Bugufi kulikuwa kwenye nyumba ya nyasi. Mafiga yalikuwa katikati, juu yake uchaga wenye mahindi ya mbegu, na moshi ulipanda taratibu ukatokea kwenye nyasi za paa. Asubuhi ya baridi ungeiona nyumba nzima inafuka kama imechemshwa. Kuta zilikuwa nyeusi, macho yalikuwa yanatoka machozi, lakini hewa ilikuwa inatoka. Baadaye wakajenga nyumba ya tofali na bati. Dirisha lake la jikoni halikuwa na kioo. Lilizibwa na kipande cha turubai kilichopatikana mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo na Benaco kugeuka kambi kubwa kuliko miji ya hapa. Na mama yake, akakumbuka, alimlazimisha baba atoe tofali mbili juu ya ukuta, chini kabisa ya bati. Baba alilalamika kwamba anaharibiwa nyumba.

"Hapapumui," mke akarudia. Kisha akasema, "Nimekuwa nafungua fundo kila siku kwa mkono wangu mwenyewe."

Nyumba yao ilikuwa imezibwa vizuri mno kuliko zote mbili za kule Bugufi. Dari ilikuwa ya jipsamu, bila ufa. Vioo vya kusukuma, hata ukivifungua kabisa, nusu ya dirisha hubaki imezibwa na kioo cha pili. Wavu wa nje ulikuwa umeshaanza kushika mafuta na masizi, na wavu ulioziba ni kama kitambaa cha pili. Juu ya hayo yote yeye aliweka mita 4 za polista. Pazia kama hilo hunyonya harufu ya kitunguu na samaki, hushika mafuta, na upepo ukilisukuma kuelekea jiko likashika moto, huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Pamba nayo huungua, tena haraka, kwa hiyo asidanganyike mtu kwamba kubadili kitambaa kunatosha. Kinachotakiwa ni kitambaa kisilifikie jiko, basi. Haya yote yeye kama fundi aliyajua. Wateja wakimwomba pazia refu la jikoni alikuwa anawauliza jiko liko wapi. Kwake hakujiuliza, kwa kuwa alikuwa anachagua kwa jicho la wale majirani wawili.

Mabadiliko yalichukua wiki mbili na hayakuwa ya gharama ya kutisha. Jiko lilihamishiwa upande wa pili, mbali na dirisha. Fundi wa ujenzi alitoboa ukuta wa mkabala, juu, karibu na dari, akaweka safu ya matofali ya matundu, maana hewa ya moto hupanda na inahitaji njia juu huku ya baridi ikiingia chini. Matundu hayo nayo yakawekewa wavu, la sivyo ni kuwafungulia mbu mlango wa pili. Kioo kimoja kati ya viwili kilitolewa kabisa, kikabaki wavu. Kuhusu wavu walibishana kidogo. Ule wa plastiki ni rahisi kuukata na kuubandika, lakini hulegea karibu na joto. Wa chuma hushika kutu mvua zikiupiga. Wakachukua wa aluminiamu, na watoto wakapewa kazi ya kuupiga brashi na maji ya sabuni kila Jumamosi. Kitu ambacho mama anakisifu kuliko vyote ni kipande cha bati kilichofungwa nje juu ya dirisha, kama kofia. Dirisha lilifungwa siku ile kwa sababu ya mvua, na bila kofia lingefungwa tena mvua ijayo, hata kama kila mtu angeapa.

Jiko la mkaa lilipewa sheria. Linawashiwa nje, linapika nje, na likilazimika kuingia, mlango na dirisha havifungwi.

Lilibaki pazia. Mume alishauri waache bila pazia kabisa. Mama alikataa, na alikuwa na haki. Dirisha linaangalia njia ya watu, usiku taa ikiwaka ndani kila anayepita anaona mnakula nini na mko wangapi, na mwanamke anayepika kwa khanga moja kwa sababu ya joto hapendi kuaga soni yake kwa sababu ya hewa. Akachukua lile la maua ya njano akalikata. Sehemu ya juu aliitoa, akaifanya vitambaa vya makochi, maana hasara si sera yake. Kwa dirisha akatafuta pamba nyepesi, akashona pazia fupi la nusu, akalivisha kwenye waya uliopita katikati ya dirisha, likaanzia hapo na kuishia kwenye kizingiti. Nusu ya juu ikabaki wavu mtupu. Mtu wa njiani anaona dari tu, na hewa inapita juu.

Bibi alirudi baada ya arobaini, kwa basi la kupitia Nyakahura na Lusahunga, na mkungu wa ndizi na debe la maharage mapya. Walikuwa wameshamweleza mambo ya hospitali kwa simu, kwa kifupi, kama wazee wanavyoelezwa. Alimpapasa mjukuu kichwani, akamgeuza huku na huku, akamwachia. Aliingia jikoni, akaangalia matundu ya juu kwa muda, akasema, "Hapo sawa." Kuhusu pazia hakusema neno. Mama alilala vizuri.

Jumapili asubuhi mama alikuwa nyumbani. Aliingia jikoni kutafuta chumvi akaona pazia jipya, lile fupi, limefungwa fundo. Dogo zaidi, kwa sababu kitambaa chenyewe kilikuwa kidogo. Bibi alikuwa amesimama mbele yake, mikono kwenye kizingiti, anatazama nje.

Safari hii mama aliuliza. "Mama, ni moshi?"

"Moshi gani?" bibi akasema. "Moshi nimeishi nao miaka yote. Kuku."

Uani, kwenye mkeka, debe la maharage lilikuwa limetandazwa juani. Kuku wanne wa jirani walikuwa wamesimama pembeni ya mkeka, mmoja ameshatanguliza mguu. Bibi akapiga kelele kupitia kwenye wavu, wakarudi nyuma hatua mbili.

"Lile refu lilinifichia uwanja wote. Wamekula mbegu yangu tangu mwezi wa tisa, na wewe kila jioni unalifungua, nikasema labda mkwe wangu hataki watu waone ndani, na nyumba ni yake. Na hili fupi, mwanangu, umelileta hapa hapa kwenye macho yangu."

Mama alisimama nyuma yake na kwa mara ya kwanza aliona kwamba bibi ni mfupi kiasi gani. Yeye mwenyewe, akisimama pale pale, pazia lilimfikia kifuani. Alicheka mpaka akashika mlango, na bibi, bila kugeuka, akacheka pia, macho yakiwa kwa kuku.

Kisha akaenda kuchukua futi kamba yake. Akamwomba mkwe wake avue kandambili, asimame wima, asiinue kidevu. Akapima kutoka sakafuni mpaka machoni. Futi 4 na inchi 5.